Mbona hatukuona nyumbani kwa kina Mel?

Mzee mwenye kilemba alipotamka neno "Nairobi", chumba kizima kilipiga ukelele. Ilikuwa mwaka 2003, Majengo, Mombasa, nyumbani kwa jirani aliyekuwa na runinga kubwa kuliko zetu, na wasichana zaidi ya kumi tulikuwa tumebanana mkekani tukiangalia DVD ya kuazima. "Kasema Nairobi!" "Hebu rudisha tusikie!" Tukairudisha mara tatu. Sinema imepigwa London, watu wanasema Kiingereza na Kipunjabi, na mzee huyo ameketi sebuleni kwake akimweleza kocha wa bintiye kwamba ujanani, huko Nairobi, yeye ndiye aliyekuwa akirusha mpira wa kriketi kwa kasi kuliko wote shuleni, na timu yao ilibeba kombe la Afrika Mashariki. Alipofika Uingereza, wenye vilabu walikicheka kilemba chake wakamfukuza.

Sisi tulishangilia jina la mji. Yale maneno ya mwisho, ya kufukuzwa, yalitupita. Mimi yamenipata nikiwa mama wa mtoto wa miaka kumi na miwili, Hounslow, mtaa uleule wa sinema ile, ndege zikishuka Heathrow juu ya paa letu kama zinavyoshuka juu ya paa la Jess, binti wa mzee yule.

Sinema yenyewe ni Bend It Like Beckham ya mwaka 2002. Kwa asiyeijua: Jess Bhamra ni msichana wa Kisikh, Mwingereza wa kuzaliwa, ana picha ya Beckham ukutani chumbani kwake juu, na chini sebuleni wazazi wake wana picha ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Kisikh. Anacheza mpira na wavulana bustanini. Jules, msichana wa Kizungu, anamwona na kumpeleka kwenye timu ya wanawake, Hounslow Harriers. Jess anawaficha wazazi. Mama yake anataka ajifunze kupika chapati na aloo gobi, yaani viazi na koliflawa, aolewe kwa heshima, na aache kukimbiakimbia nusu uchi mbele ya wanaume.

Maneno hayo ya nusu uchi nilikuwa nayajua kwa moyo kabla sijazaa mtoto wa kuniuliza habari zake. Mimi nilicheza mpira wa makaratasi na kaka zangu uchochoroni kwetu mpaka nilipovunja ungo. Siku ya pili yake Bibi alinishika mkono mbele ya watu, akanirudisha ndani, akaniambia, "Mwali haonyeshi mapaja njiani." Hapakuwa na ugomvi wala kilio. Nilipewa ungo wa mchele nichague mawe, na kupitia dirishani nikisikia kaka zangu wakiitana kupasiana. Kwa hiyo mama wa Jess alipofoka, kila mmoja pale mkekani alikuwa na Bibi yake kichwani. Mtu wa dini nyingine, lugha nyingine, bara jingine, anasema maneno ya nyumbani kwetu bila kutupendelea wala kutuonea. Sikuwahi kuona hilo katika sinema yoyote ya Ulaya. Zile nilizozizoea, mtu wa rangi alikuwa mwizi, mtumishi au maiti.

Kuna kovu pia. Jess ana alama kubwa ya moto mguuni na anaona haya kuvaa kaptura. Nilidhani ni mambo ya vipodozi. Baadaye nikajua ni kovu la kweli la Parminder Nagra, mwigizaji mwenyewe, aliyeungua utotoni, na mwongozaji, Gurinder Chadha, badala ya kulifunika aliliingiza kwenye hadithi. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko mabao yote ya sinema ile. Kumpa mtu nafasi mbele ya kamera ni kitu kimoja. Kumwambia aje na mguu wake jinsi ulivyo ni kingine kabisa.

Na huyo Chadha ni mzaliwa wa Nairobi. Alizaliwa mwaka 1960, akapelekwa Uingereza akiwa mdogo sana, akakulia Southall, mwendo mfupi kwa basi kutoka ninapokaa. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa benki Kenya. Alipofika London akakataliwa kazi kwa sababu ya kilemba na ndevu, mwishowe akafungua duka. Kwa hiyo lile neno tulilolishangilia halikuwa pambo. Lilitoka nyumbani kwa mtu.

Sisi tunawaita Makalasinga. Wengi wa kwanza walikuja kama mafundi wakati wa kujenga reli kutoka Mombasa, kati ya mwaka 1896 na 1901, miaka ambayo zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India. Wengi walirudi kwao, na maelfu hawakurudi, maana walikufa kazini. Waliobaki na waliowafuata wakawa maseremala, mafundi chuma, wenye gereji, wacheza magongo wa timu ya taifa. Dereva aliyeshinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976, Joginder Singh, alikuwa Kalasinga wa Kericho, na wazee wetu walimshangilia kama mtoto wao.

Baba yangu alifanya kazi kwa Kalasinga mmoja mwenye gereji ya malori Shimanzi. Miaka ishirini na sita. Alianza kijana wa kushika spana, akamaliza akiwa fundi wa injini anayeitwa na wenye malori kwa jina. Likizo za shule alikuwa akinichukua mara mojamoja anapopeleka Nairobi lori lililokwisha kutengenezwa, na safari hiyo kwangu ilikuwa na kituo kimoja tu cha maana: hekalu la Makalasinga la Makindu. Unavua viatu, unafunga kitambaa kichwani, mwanamume na mwanamke, mkubwa na mdogo. Unapewa sahani: chapati ya moto, dengu, wali, halafu chai ya maziwa. Hakuna anayekuuliza dini wala kabila, na hakuna anayesubiri hela. Mara ya kwanza nilimvuta Baba mkono nikamnong'oneza, "Mbona hawauzi?" Akanijibu, "Hapa hawauzi, mwanangu. Kula." Bado naikumbuka ile chapati, ilikuwa nyembamba kuliko zetu, haina tabaka, na imepakwa samli upande mmoja.

Nyumbani kwetu, nyuma ya mlango wa mbele, palikuwa na gongo la kriketi. Lilikuwa zito, la mbao nyeupe iliyogeuka rangi ya chai, mpini umezungushiwa uzi mweusi uliofumuka. Usiku Mama alilikingamisha mlangoni kama komeo la pili. Mchana, kukiwa na nguo nzito za kufua, alilitumia kuzipigia. Nililikuta hapo nilipozaliwa, kama nilivyoukuta mwembe. Sikuuliza ni la nani. Hakuna aliyekuwa akicheza kriketi Majengo.

Sasa nije Hounslow. Binti yangu anacheza kiungo katika timu ya wasichana ya mtaani. Jumamosi moja ya mvua mechi iliahirishwa, akarudi amenuna, njumu zikavuliwa mlangoni bila hata kukanyaga nyasi, nami nikaona ndiyo siku ya kumwonyesha sinema iliyotufurahisha wasichana wa Majengo. Nilikaa nikimtazama yeye zaidi ya runinga. Alicheka nilipocheka. Alinyamaza kimya Jess alipokosa penalti Hamburg. Penye mapenzi ya Jess na kocha alikunja uso, na mimi leo nikiwa mzazi nakunja uso pamoja naye. Kocha ni mtu mzima aliyekabidhiwa wasichana, na sinema inalipita jambo hilo kwa wepesi mno. Kwenye fainali, Jess amekimbia kutoka harusini kwa dada yake, na baada ya mechi wenzake wanamsaidia kumvika sari upya chumbani, mikono mingi isiyojua kazi hiyo. Hapo binti yangu alisogea akaniegemea.

Ilipokwisha akaniuliza, "Mama, kwani Mel anakaa wapi?"

Mel ni kepteni wa timu, msichana mweusi, ameigizwa na Shaznay Lewis, mwimbaji wa kundi la All Saints. Nikafungua mdomo niseme Hounslow, nikaufunga. Tukaanza kuhesabu. Nyumbani kwa Jess tunapajua: ngazi, jiko, mapazia, wageni wa harusi wamejaa mpaka uani. Nyumbani kwa Jules tunapajua: mama anayetaka bintiye avae kike, baba anayemfundisha mkewe sheria ya kuotea kwa chupa za mchuzi na haradali mezani. Kocha Joe tunajua kwamba hasemezani na baba yake. Tony, rafiki wa Jess, tumeambiwa hata siri yake ya ndani. Mel yupo tangu mwanzo, anaongoza, anachekesha, anawatetea wenzake, halafu mpira ukiisha anapotea. Hakuna mlango tuliomwona akiufungua. Hakuna mtu aliyemwita akale.

"Ana mama?" binti yangu akauliza. "Mama yake anapenda acheze?"

Sikuwa na jibu, na niliona haya, maana niliiangalia sinema ile mara nne tano kabla ya siku hiyo na sikuwahi kuuliza. Mimi niliyefanana na Mel kwa ngozi nilikuwa nimejiweka nyumbani kwa Jess, kwa sababu ndiko mlango ulikofunguliwa. Mtoto wangu alikuwa akiutafuta mlango wake.

Simlaumu Chadha. Alikuwa na saa mbili tu, na alizitumia kuionyesha nyumba ambayo hakuna mtu Ulaya aliyekuwa ameionyesha kwa upendo kiasi kile, akakanyaga humo na ugomvi wake na uongo wake na harufu yake ya vitunguu. Laiti angetaka kuingia nyumba zote, asingeingia hata moja. Lakini swali la mtoto lilinibadilishia macho. Siku hizi nikiona tangazo la sinema ya watoto na vijana lenye nyuso za kila rangi kwenye picha moja, ninasubiri kujua ni nani kati yao tutamwona na mama yake jikoni. Wengine wote wamewekwa kujaza picha.

Jambo hili halikuishia kwenye sinema. Tarehe 31 Julai 2022 wanawake wa Uingereza walichukua kombe la Ulaya Wembley, mbele ya watazamaji 87,192, waliwafunga Wajerumani 2–1. Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, naye pia akishangilia. Miaka ishirini nyuma, Jess na Jules walilazimika kwenda Marekani ili waishi kwa mpira. Sasa ulikuwa hapahapa, umejaa uwanja. Lakini kikosi kilichoanza mechi zote sita kilikuwa kilekile, na kati ya wachezaji kumi na mmoja hapakuwa na hata mmoja mweusi, wala Mhindi, wala Mwarabu. Wachezaji weusi watatu walikuwa kwenye benchi. Binti yangu wakati huo alikuwa bado mdogo. Alinyosha kidole kwenye runinga, akahesabu, akasema, "Jess hayupo." Sikumwelewa, kwani jina la Jess alikuwa amelisikia kwangu tu. Nilipomwelewa nilikwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Mwaka jana alianza kufunga ushungi kwa hiari yake. Wa michezo, mwepesi, unaoingia kichwani kama soksi. Siku ya kwanza uwanjani nilikuwa na hofu, nikajiandaa kwa maneno ambayo hayakusemwa. Refa alimwangalia, akamwangalia njumu kama wengine wote, akapuliza kipenga. Usiku ule nikasoma habari zake. Kumbe si zamani. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki, kule Jordan, kwa sababu ya vitambaa vya kichwa, wachezaji wakabaki wanalia uwanjani. Mwaka 2014, mwezi Machi, ndipo wenye sheria za mpira duniani walipoviruhusu rasmi. Na katika uamuzi huohuo waliruhusu kilemba cha Kisikh, baada ya vijana wa Kisikh wa Quebec, Kanada, kuzuiwa kucheza mwaka mmoja nyuma.

Nilisoma mstari ule nikausoma tena. Ushungi wa binti yangu na kilemba cha yule mzee wa Nairobi vimepita mlango mmoja, siku moja. Kriketi ni mchezo mwingine, najua, na yule mzee ni mtu wa kwenye sinema. Hata hivyo niliinuka kitandani nikaiwasha tena DVD, nikaenda moja kwa moja pale sebuleni anaposema, na safari hii sikusikia Nairobi. Nikasikia kwamba alifukuzwa, na karibu na mwisho wa sinema nikasikia kwamba aliapa hatacheza tena, na kwamba aliyeumia alikuwa yeye mwenyewe. Na nyuma ya maneno yake nikaliona gongo letu, nyuma ya mlango, na uzi wake mweusi umefumuka.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza mambo magumu zaidi. Mimi ninayemdai Chadha nyumba ya Mel, je, nilipata kuiona nyumba ya yule Kalasinga aliyemlipa Baba miaka ishirini na sita? Katika michezo ya runinga niliyokulia, Mhindi alikuwa na duka, aliogopa kuibiwa, na alisema Kiswahili cha "veve" na "dio" mpaka tukaanguka kwa kicheko. Ndiye Mel wetu. Alisimama nyuma ya kaunta kila wiki, na kipindi kikiisha akapotea. Hatukuonyeshwa akila, akizika, akimbembeleza mtoto. Nami darasani nilikuwa fundi wa kumwigiza. Walimu waliniita mbele nifanye "Kihindi" siku za sherehe, na nyuma kabisa walikuwa wameketi wasichana wawili wa Kihindi, wananiangalia. Najua sasa walikuwa wananiangalia vipi.

Nikampigia Mama simu. Nilimwamkia, akaniuliza habari za baridi na za mjukuu wake, kisha nikamuuliza lile gongo lilikuwa la nani.

"Gongo la Harusi?" Ndivyo alivyoliita, maana alipewa mwaka alioolewa. Akanieleza, kwa utulivu kama mtu aliyengoja kuulizwa. Tajiri wa Baba alikuwa na mdogo wake, wakikaa pamoja. Mdogo alishika pasipoti ya Uingereza. Baada ya Kenya kutunga sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia, mwaka 1967, wenye pasipoti kama yake walianza kuondoka, na mwezi Februari 1968 ikawa mbio, kwa sababu Waingereza nao walikuwa wanafunga mlango. Bunge lao lilipitisha sheria kwa siku tatu, na kuanzia tarehe 1 Machi asiyekuwa na mzazi wala babu mzaliwa wa Uingereza hakuwa na uhakika wa kuingia hata akiwa na pasipoti yao. Watu waliuza vitanda kwa bei ya viti. Baba alitumwa na lori kubeba masanduku, akaenda na Mama, bi harusi wa miezi miwili, ili asaidie kufunga vyombo.

"Baba yako alikuwa akienda nyumba ile miaka yote," Mama alisema, "lakini haoni zaidi ya baraza. Mimi siku ile niliingia mpaka jikoni."

Gongo lilikuwa la mtoto wa kiume wa huyo mdogo, wa miaka kumi na mitano. Sandukuni halikuingia. Mtoto alilishika hajui pa kuliweka, mama yake akalichukua mkononi mwake akampa Mama, akamwambia kwa Kiswahili safi cha Mombasa, "Niwekee hili, atakuja kulifuata."

Nikamuuliza kama alikuja. Akasema hapana, na mchwa walilimaliza mwaka wa El Niño.

Nikamuuliza jikoni aliona nini. Simu ilinyamaza nikadhani imekatika.

"Waliacha sufuria, waliacha jiko la makaa, waliacha hata kibao cha kusukumia chapati," akasema. "Lakini yule mama alikuwa ameketi sakafuni anazungushia magazeti mbuzi ya kukunia nazi. Yake ilikuwa fupi, kigoda chake kimeng'aa kwa kukaliwa. Mumewe akamwambia, huko hakuna nazi. Hakumjibu. Akaifunga kamba, akaiweka sandukuni juu ya nguo za watoto, akanitazama, akaniambia, 'Kalia hapa, nisaidie kufunga.' Nikakaa juu ya sanduku naye akalivuta mkanda."